Mikono ina korosho, masikio yako wazi: niambieni podikasti gani mnaipenda na kwanini

BintiChikongola:

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Naomba msaada wenu jamani. Mimi na wenzangu watano tunabangua korosho hapa nyumbani Chikongola, Mtwara, na kwa asiejua, kubangua sio shida sana, shida ni ile kazi inayofuata ya kumenya, kutoa ile ngozi nyembamba nyekundu inayoganda kwenye korosho. Unaishika moja moja unaizungushia kisu kidogo, ukikaza kidole tu imepasuka, na ikipasuka haiuzwi tena kwa bei ya nzima inaenda kwenye vipande. Kwahiyo macho hayabanduki kwenye sinia, mikono ndo usiseme, tumejipaka mafuta ili ule utomvu wa ganda usituunguze, hata simu ukiigusa inagoma. Kilichobaki ni masikio.

Zamani tulikuwa tunawasha redio, na redio naipenda, ila kipindi kizuri kikianza ndo unaitwa na mteja getini, ukirudi kimeisha na hakuna wa kukurudishia. Sasa mwezi uliopita mdogo wangu wa Dar akanirushia podikasti moja kwa whatsapp, mazungumzo ya saa nzima na mama mmoja muimba taarab anaeleza alivyoanza kuimba kwa kujificha kwao. Jamani tulinyamaza wote sita. Sisi ambao kwa kawaida hatunyamazi! Ilipoisha tukakuta sinia zimejaa na magharibi imeshaingia hakuna aliekumbuka kuwasha taa.

Toka siku hio nataka nyingine. Nataka burudani, hadithi, mazungumzo, vichekesho, muziki, siasa hapana tunazipata za kutosha stendi. Na naomba mtu asiniandikie jina tu na neno kali, bando letu tunachangishana mia mia, kwahiyo niambie wewe imekushika wapi mpaka ukairudia.

UtingoWaKusini:

Dada pole na kazi, hio kazi naijua, mama yangu kaifanya miaka mingi Tandahimba.

Mi niko kwenye roli, na yangu namba moja ni Salama Na, ya Salama Jabir, yule dada wa kipindi cha Mkasi cha EATV zamani na alikuwa jaji wa Bongo Star Search. Kwanini naipenda, kwasababu hana haraka na mgeni wake. Sehemu nyingine msanii anapewa dakika kumi, anaulizwa wimbo mpya unatoka lini na fulani mmeachana kweli, basi kwaheri. Salama anaanzia mbali, nyumbani kwenu mlikuwa wangapi, baba alikuwa mtu wa namna gani, shule ilikuwaje, mpaka mtu ambae mi nlikuwa namjua kwa nyimbo tu naanza kumjua kama jirani, na wanacheka kama watu waliokaa barazani na kahawa sio kama watu walio kazini.

Siku nliojua thamani yake ni Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipopita mvua ikakata barabara kule Kilwa upande wa Somanga, sisi tunatoka Dar na mzigo wa madukani. Foleni ya magari huoni mwisho wake, mtandao unakuja unapotea, mbu hawaulizi. Dereva wangu ni mtu mzima wa Masasi na hataki kabisa kelele za simu ndani ya gari, ila nlikuwa na episodi kama nane nimeshazishusha, usiku wa kwanza nikaweka moja kwa sauti ndogo simu nimeiegesha kwenye dashibodi. Alikuwa amejifunika kofia usoni nikajua kalala. Ilipoisha akasema bila kutoa kofia, "weka nyingine". Kulivyokucha kuna madereva wawili wa magari ya nyuma yetu wamesimama mlangoni kwetu na miswaki mdomoni wanasikiliza, hakuna aliewaita.

Alafu siku chache mbele nyaya za intaneti za baharini nazo zikakatika, simu za nchi nzima zinazunguka tu, mi bado nlikuwa nna mbili sijazigusa. Toka hapo sitoki Mtwara bila kushusha kwanza.

FundiSimuMasasi:

Utingo hapo kwenye kushusha umegusa penyewe na naomba nipakazie, maana wateja wengi wananiletea simu wakilalamika podikasti zinamaliza bando, nikiangalia nakuta wanazitazama kwa video.

Podikasti asili yake ni faili la sauti, unaifuatilia mara moja kwenye apu na kila episodi mpya ikitoka inakuja yenyewe kwenye simu, ukitaka unasikiliza leo ukitaka mwezi ujao na mtandao umezimwa. Jina lenyewe lilionekana 2004 kwenye gazeti la The Guardian la Uingereza, mwandishi Ben Hammersley alikuwa anatafuta neno la kukiita hiki kitu kipya akaunganisha iPod, kile kidude cha Apple cha kusikilizia muziki, na lile neno lao la kurusha matangazo, broadcast, na 2005 Apple wakaziingiza kwenye iTunes, programu yao ya muziki, ndo zikasambaa. Siku hizi mahojiano yoyote marefu ya youtube yanaitwa podikasti, mi sina ugomvi na hilo kabisa, ila dada anaemenya korosho haangalii sura ya mtu, kwanini alipie picha?

Hesabu iko hivi, saa moja ya sauti ya kawaida inakula kama MB 30 mpaka 60. Saa hiohio kwa video hata ukiishusha iwe hafifu inakula mara nne mara tano ya hapo, na ikiwa safi ndo inapaa kabisa. Kwahiyo dada ingia kwenye apu yako weka ile alama ya kushusha kwa wifi tu, ukienda sehemu yenye wifi zishushe zote za wiki, ukirudi nyumbani zima data. Na kuna kitufe cha kurudisha nyuma sekunde kumi au kumi na tano, huyo mteja wa getini hatakuharibia tena. Kama simu imejaa weka memori kadi, ila angalia apu yako ina sehemu ya kuchagua kuhifadhi kwenye kadi, sio zote zinayo. Na tafuta kaspika kadogo ka bluetooth, simu ikae mbali na mafuta hayo, nimeshafungua simu nyingi za wabanguaji najua ninachosema.

MwalimuNewala:

Hamjambo ndugu zangu. Nafundisha sekondari huku Newala, jioni baridi inapanda umeme ukikatika najifunika blanketi na hedifoni, hio ndo starehe yangu.

Naleta ya nje, ni ya Kiingereza ila msikimbie. Inaitwa Serial. Ilitoka 2014, msimu wa kwanza una episodi 12 na msimulizi ni mwandishi wa habari Sarah Koenig. Ni kisa cha kweli cha Baltimore, Marekani. Januari 1999 binti wa sekondari, Hae Min Lee, alitoka shule hakuonekana tena, baadae akakutwa ameuawa, na kijana aliekuwa mpenzi wake zamani, Adnan Syed, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2000. Mwenyewe anasema hakufanya. Sarah anarudi nyuma miaka 15 kuuliza swali ambalo ukilisikia unaona dogo, huyu kijana zile dakika 21 baada ya kengele ya shule alikuwa wapi? Wewe dada unakumbuka jumatano ya wiki sita zilizopita saa nane mchana ulikuwa wapi na nani? Mi sikumbuki. Na ndo swali lililomfunga mtu maisha.

Imenishika kwasababu msimulizi hajifanyi anajua. Leo anakwambia naamini hivi, episodi ijayo amepata karatasi nyingine anasema jana nlikosea ngoja tuanze upya. Kuna episodi anachukua gari na mwenzake wanapita njia ileile ya siku ya tukio, toka shuleni mpaka kwenye duka kubwa, na saa mkononi, waone kama dakika zinatosha, na wanaanza kutafuta kama nje ya lile duka kuliwahi kuwa na simu ya kulipia maana shahidi alisema ilikuwepo. Simu ya kulipia tu, mtu mzima unakaa barazani Newala moyo unadunda kwa ajili ya kibanda cha simu cha Marekani. Ndo ikawa podikasti ya kwanza kupata Peabody, tuzo kubwa ya Marekani ya vipindi vya redio na tv, na mi naona walistahili.

Darasani nachukua dakika tano tano nawawekea kidato cha tatu, wanafunzi ambao kitabu cha kusoma hawakifungui wanakuja ofisini kuuliza mwalimu episodi ijayo lini.

ShangaziLindi:

Mwalimu, mimi niliisikiliza yote 12 na sikatai kwamba imetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Ila kuna kitu kinanikaa kooni na nitakisema.

Yule binti alikuwa na mama. Alikuwa na kaka. Sisi tunasikiliza tukiwa tunapika, tunabishana huyu kaua huyu hajaua, tunasubiri kwa hamu kama tamthilia, na kuna familia ambayo kila watu wakishangilia episodi mpya wao wanafukuliwa kaburi upya. Kaka yake, Young Lee, miaka imepita mingi toka podikasti itoke bado alikuwa anakwenda mahakamani kudai tu haki ya kuhudhuria kikao kinachomhusu dada yake. Mimi nimezika mtoto wa dada yangu hapa Lindi, kijana alifariki ghafla, na nakumbuka wazi waliokuja kutupa pole na waliokuja kuuliza ilikuwaje ilikuwaje, walikaa mkeka mmoja lakini walijulikana.

Sisemi msisikilize. Mimi burudani yangu napenda za watu walio hai wanaojisimulia wenyewe kwa ridhaa yao. Kuna ya Nairobi, Legally Clueless ya Adelle Onyango, ana sehemu anaita 100 African Stories, mtu wa kawaida kabisa anakaa anasimulia jambo moja la maisha yake, kufiwa, kuacha kazi, kupenda. Wanachanganya Kiingereza kingi lakini anaongea kama mtu aliekaa pembeni ya kitanda chako. Nafanya zamu za usiku, kuna saa ya tisa ile ambayo mwili unataka kukata tamaa, hio ndo inanifikisha alfajiri.

MwalimuNewala:

Shangazi nimekupata na nimekubali. Kuanzia sasa nikiwawekea wanafunzi nitaanza na Hae, alikuwa anapenda nini, alikuwa anacheza mchezo gani shuleni, ndo twende kwenye dakika 21.

BitiZaLindi:

Mi ntakuwa mfupi niko studio. Song Exploder, sikilizeni hata kama kiingereza hakipandi. Jamaa anaitwa Hrishikesh Hirway ameianza 2014, anamuita msanii anaufungua wimbo wake kipande kipande, unasikia ngoma peke yake, alafu besi peke yake, alafu sauti ya kwanza kabisa aliorekodi kwa simu akiwa chumbani, alafu mwisho unapigwa wimbo mzima. Haizidi nusu saa mara nyingi. Hirway mwenyewe humsikii kabisa katikati, anajitoa anamuachia msanii aongee.

Mi natengeneza singeli, nlikuwa najaza kila kitu, nikiona nafasi tu naweka sauti. Kuna episodi nlisikia kinanda kimeachwa peke yake sekunde nyingi kabla ngoma haijaingia nikavua hedifoni nikakaa nje kidogo. Nlirudi nikafuta nusu ya vitu kwenye biti nliokuwa naitengeneza, na biti hio ndo ilinipa mteja wa Nachingwea ambae bado ninae mpaka leo. Natamani mtu awafanyie hivi wapiga ngoma wetu, mtu akae na mzee wa sindimba amwambie mzee piga hio ngoma ndogo peke yake, inasema nini?

MzeeMikindani:

Marahaba wanangu. Nimesoma yote na miwani yangu, nimefurahi sana.

Hizi mnazoita podikasti sisi tulikuwa nazo, ila zetu zilikuwa hazimsubiri mtu. Radio Tanzania ilikuwa na Mama na Mwana, sauti ya Debora Mwenda ikianza hadithi basi watoto wa mtaa mzima wako chini ya dirisha la mwenye redio, na mwenye redio alikuwa mmoja tu na betri alikuwa anaianika juani ipate nguvu. Kulikuwa na Pwagu na Pwaguzi, watu wazima wanacheka mpaka wanashika nguzo. Na 1993 ikaja Twende na Wakati, pale ndo nlipojua mchezo wa sauti una nguvu gani. Mambo ya ukimwi na uzazi wa mpango ambayo hakuna baba alieweza kuyasema mbele ya wanae yalipita kwa Mkwaju, yule dereva wa malori mwenye wanawake kila kituo. Kijana wa utingo, wewe bado hujazaliwa pengine, lakini madereva wa enzi hizo waliitwa Mkwaju barabarani na walijua wanaitwa hivyo kwanini.

Nina ndugu yangu alikuwa Dodoma miaka ile, namwandikia barua habari za Mkwaju ananijibu Mkwaju nani. Baadae ndo nikasoma kwamba Dodoma hawakurushiwa ule mchezo miaka miwili ya mwanzo, makusudi, watafiti wapate kulinganisha mikoa iliosikia na ule ambao haukusikia. Nlishangaa, kumbe kucheka kwetu kulikuwa kunapimwa.

Nakubaliana na binti, kitu cha masikio hakikuibii mikono. Na picha unaijenga mwenyewe, nyumba ya Mkwaju mimi naijua ilivyo mpaka dirisha lake na hakuna alienionyesha.

Ila nna ombi moja. Zote mlizotaja hapa ni za Dar, Nairobi, Marekani. Hakuna hata moja inayoongea kama sisi. Nataka nisikie hadithi inayosema mchele na mtoto na mnazi kwa lafudhi yetu, nchele na ntoto na nnazi, bila kuona aibu, ya sungura na fisi kama tulivyosimuliwa Mikindani, kabla wanaozijua hawajaisha. Bibi zenu wako hapo nyumbani na simu ziko mikononi mwenu.

BintiChikongola:

Nimerudi, leo siku ya tisa, samahanini kimya, korosho zilikuwa nyingi.

Fundi, nimefanya yote, spika tumenunua kwa kuchangishana tumeining'iniza kwenye mti wa mwembe na kamba ya kanga, simu iko ndani salama. Bando ambalo lilikuwa siku mbili sasa wiki nzima lipo.

Utingo, Salama Na tumesikiliza nne, wenzangu wawili wameanza kumuita Salama mwenzetu.

Kuhusu Serial sasa. Kiingereza chetu sio kikubwa, ila mwanangu yuko kidato cha tatu, yeye anasikiliza mchana baada ya shule anaandika kwenye daftari, jioni anakaa kwenye kinu kilichopinduliwa anatusimulia kwa Kiswahili, na anajua kukatisha pale pale penye utamu anasema mengine kesho. Tumefika kwenye simu ya kulipia. Mama mmoja kati yetu anasema hamna kitu kigumu hapo, vibanda vya simu ya kadi hata hapa mjini vilikuwepo, leo ukimuuliza mtu kilisimama nguzo ipi hakuna anaejua na tulikuwa tunapanga foleni pale. Mwingine akasema basi kama sisi tumesahau na yule kijana anaweza kuwa amesahau kweli, wakabishana mpaka kisu kikaanguka. Shangazi, tulisoma maneno yako kwa sauti kabla hatujaanza. Yule mama wa simu ana binti wa umri huohuo anasoma bweni, alinyamaza kidogo alafu akasema mtajeni jina lake msimuite marehemu. Kwahiyo mwanangu anasema Hae. Mwalimu naomba usiniambie mwisho.

BitiZaLindi, hio ya nyimbo bado, ila mwanangu ameishusha.

Na Mzee wangu wa Mikindani. Jirani yetu hapa nyuma kuna bibi huwa anakuja kumenya nasi akijisikia, juzi tulimuomba atusimulie ya sungura na chatu, nikaweka simu kwenye kibakuli cha plastiki karibu yake. Alianza hadithi hadithi, tukaitikia wote hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea, mpaka watoto wa nyumba ya pili wakaitikia toka kwao. Imefika dakika 14. Anasema nchele, anasema ntoto, sungura anaongea kwa sauti ya puani na chatu anamuongelesha polepole mpaka nywele zinasimama. Tatizo moja, ukisikiliza unasikia korosho zinadondoka kwenye sinia mwanzo mpaka mwisho, tik, tik, na jogoo kawika mara mbili. Mwanangu anataka azitoe hizo sauti kwa apu, mi nimemwambia asubiri kwanza niulize hapa. BitiZaLindi wewe unasemaje, zitolewe au ziachwe? Mzee angalia inboksi yako, nimekurushia kama ilivyo.